Frimasoni wa Bagara

Baba yangu alikuwa frimasoni. Angalau ndivyo mji wa Babati ulivyojua, na mji ukishajua jambo, mhusika huwa wa mwisho kuulizwa.

Ushahidi ulikuwepo, sikatai. Pale Bagara, nyuma ya mashine ya kusaga, palikuwa na nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma isiyo na dirisha hata moja. Mlango wake ulikuwa wa bati nene, na juu yake yalining'inia makufuli mawili. Ufunguo wa kwanza alikuwa nao Baba, mkulima wa Nakwa, Mkatoliki aliyeteremka na baba yake kutoka Mbulu akiwa bado hajaota ndevu. Wa pili alikuwa nao mwenye duka mmoja Mwislamu, muuza mchele na mafuta ya taa karibu na soko. Hakuna aliyeweza kufungua bila mwenzake. Walioingia mle walikuwa wanaume watu wazima, wamevaa aproni nyeupe zilizoshonwa kwa mifuko ya unga wa ngano. Walikuwa na kisu kirefu kilichoviringishwa kwenye kitambaa safi, na kila walipotoka nacho mnyama alichinjwa. Ukiwauliza kwa nini mlango mmoja una makufuli mawili, walikuuliza hali ya mama yako.

Wenyeji hawakujali. Walijua kwamba kile kilikuwa chama cha kuzikana. Ukifiwa, hukuhitaji kuomba. Kabla hujamaliza kulia, wanaume wale walikuwa uani kwako na masufuria, mabenchi na maturubai. Walichinja, wakapika, wakalisha watu, wakaosha vyombo vyao wenyewe, wakaondoka. Makufuli yalikuwa kama upara wa mtu unayemfahamu: uliuona siku ya kwanza, basi.

Balaa lilianza tulipopewa mkoa. Manyara ilikuwa bado inanuka rangi mbichi, na Babati, iliyokuwa kituo cha watu kuteremka basi kununua perege wa kukaanga, ghafla ikawa makao makuu. Wakaja maofisa, na wake wa maofisa, na wenye nyumba za wageni, na mafundi wa kuwajengea wote hao. Pamoja nao yalikuja magazeti ya udaku, ambayo kila wiki yalieleza jinsi frimasoni wanavyotajirika kwa kutoa ndugu zao kafara. Wageni wakasoma, wakakunja magazeti, wakatazama huku na huku kuona ni nani hapa mjini anayefaa. Nyumba bila dirisha. Makufuli mawili. Aproni. Kisu. Kwa kweli hata mimi ningewachagua wao.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya historia. Nilikuwa nasubiri ajira, na huku nasubiri nilikula mahindi ya Baba na kumkosoa. Nilikuwa nimejifunza chuoni kuchambua kila kitu isipokuwa mchele.

Baba na yule mwenye duka walikuwa watani wa miaka. Baba alimwita Alhaji, ingawa safari yake ndefu kuliko zote iliishia Kondoa. Naye alimwita Baba Padre, kwa sababu aliwahi kusikia kwamba Baba alirudia mafundisho ya kipaimara.

"Padre, umeniombea?" angesema akipita na baiskeli yake.

"Nimejaribu, Alhaji. Mbinguni wameniuliza, huyu mwenye mizani inayopinda ni yupi? Nikanyamaza."

Lakini mwaka ule utani wao ulikuwa umepungua. Chama kilikuwa kinakufa. Wanachama walikuwa wazee, na sufuria lao kubwa lilihitaji wanaume wanne wenye migongo mizima. Zamani vijana walirithi nafasi za baba zao. Sasa akina mama waliwakataza watoto wao kupita hata karibu na ile mashine ya kusaga. Katika msiba mmoja kule Singe, Alhaji aliinama kuinua sufuria, akabaki ameinama. Walimrudisha nyumbani juu ya mkokoteni, akiwa amelala kifudifudi kama gunia la mchele, huku akiwasalimia wateja wake njiani.

Jioni ile Baba alikaa kwenye kigoda akitazama mahindi yake. Nikamwambia, kwa ile hekima yangu ya chuo, kwamba vyama hufa, na kwamba siku hizi mtu anaweza kukodi wapishi.

"Najua," akasema. "Na siku yangu mtakodi?"

"Baba, wewe hufi leo."

"Sijasema leo. Nasema siku yangu nataka watu wale kwangu. Wakae kitako, wale. Nataka Alhaji ale. Chama kikifa kabla yangu, hatakula."

Sikuelewa kwa nini Alhaji ashindwe kula bila chama. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka. Lakini nilimsikia vizuri aliposema tena, taratibu, "Nataka ale," na nikaona kwamba katika maisha yake yote, pamoja na shamba na mimi na ndugu zangu, hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

Akaniomba kitu ambacho hakuwahi kuniomba: nitumie elimu yangu. Mjumbe alikuwa ameitisha kikao cha mtaa ili wazee wajieleze, na Baba alitaka mimi niandike historia ya chama, niisome mbele za watu, wageni watulie.

Nikafurahi kupita kiasi. Nilikaa mezani siku nyingi. Nikawauliza wazee habari za mwanzo wa chama, nao wakanijibu kwamba kilianza kwa sababu ya misiba. Na makufuli? "Mwanangu, habari za masomo?" Hata Mama, aliyekuwa akichambua mchele wa misiba hiyo tangu aolewe, aliniambia, "Hayo ya makufuli waachie wenyewe. Andika kwamba wanapika vizuri." Niliona hayo si historia. Nikarudi kwenye madaftari yangu ya chuo.

Kikao kilifanyika darasani, Jumapili mchana baada ya misa. Baba alivaa koti. Alhaji alikuja na fimbo kwa ajili ya mgongo wake, akakaa kando ya Baba kwenye dawati la watoto, magoti yao yakigusa videvu. Nilisimama mbele ya ubao, nikasema kwamba ili kuelewa chama chetu ni lazima kwanza tuelewe frimasoni wa Ulaya.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Ningeeleza frimasoni halisi walivyo, aproni zao, viapo vyao, nyumba zao zilizofungwa, halafu katika sehemu ya pili ningeonyesha kwamba wazee wetu hawahusiani nao kabisa. Tatizo la mpango wenye sehemu mbili ni kwamba watu wako huru kuondoka baada ya ya kwanza. Nilipofika kwenye aproni, mama mmoja aliyehamia kutoka Dar aliinuka, akafunga khanga yake kiunoni.

"Mmesikia? Aproni!"

"Mama, naomba nimalize," nikasema.

"Umalize nini, binti? Umeshathibitisha. Mtoto wa mwenyewe, tena msomi!"

Sehemu ya pili niliisoma mbele ya madawati. Waliobaki walikuwa mjumbe, ambaye ilibidi afunge darasa, Mama, na wazee wa chama, ambao walinipigia makofi kwa adabu kubwa iliyoniumiza kuliko zomeazomea. Njiani kurudi Nakwa, tulipofika kwenye mgomba wa kwanza wa shamba letu, Baba alinigeukia.

"Kumbe Ulaya nao wanavaa aproni," akasema.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimejificha jikoni niliposikia hodi. Uani walisimama vijana watano. Niliwatambua, walikuwa wale waliobeba abiria kwa baiskeli pale stendi. Msemaji wao alikuwa mrefu, mtoto wa Kimbulu kama sisi, amevaa kofia aliyoivua alipomwona Baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmefuata mahindi?"

"Hapana, mzee." Akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. "Tumekuja kujiunga."

"Na nini?"

"Na kile chama, mzee. Jana dada ameeleza yote."

Nilitamani ardhi ya Nakwa ipasuke. Baba alinitupia jicho kupitia mlango wa jikoni, kisha akamgeukia yule mrefu, akamkagua kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani.

"Una nguvu?"

"Nguvu za aina gani, mzee?"

"Za mgongo."

"Hizo ninazo. Napandisha abiria kilima bila kushuka."

"Basi."

Wale wengine walimsukuma mwenzao kwa viwiko. Kulikuwa na swali lililobaki, na ilionekana walikuwa wamepeana zamu ya kuliuliza.

"Mzee, samahani. Na kafara je?"

"Kafara ipo," akasema Baba bila kutabasamu. "Utatoa Jumamosi zako."

"Za milele?"

"Mpaka mgongo ukatae."

Walishauriana pembeni. Jumamosi waliona ni bei nafuu, kwa sababu gazeti lilikuwa limetaja mama mzazi. Mrefu akarudi na swali la mwisho, utajiri wenyewe huchukua muda gani kufika. Baba akawaambia waende kwa Alhaji, maana ndiye mwanachama wa zamani zaidi. Wakaenda. Nasikia Alhaji, ambaye bado alikuwa akiuza duka kwa kulalia mkeka na kuwaonyesha wateja bidhaa kwa fimbo, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Wanangu, subira huvuta heri," akawaambia. "Mimi wa kwangu bado nausubiri."

Nilidhani wangecheka na kuondoka. Lakini vijana wale walimwona mzee aliyelala chini, ana duka, halafu anadai hana kitu, wakaona hiyo ndiyo namna hasa ambavyo tajiri wa siri angesema. Jumamosi iliyofuata palikuwa na msiba Bagara. Walikuja wote watano.

Walibeba. Sijui wanachama wa kweli wa Ulaya hupitia majaribio gani, lakini sidhani kama yanashinda kumenya vitunguu vya msiba wa watu wa Bagara. Walipandisha maturubai, wakachota maji, wakakoroga wali kwa mwiko mrefu kama jembe na mpini wake. Baada ya watu kula walisugua masufuria kwa mchanga, kwanza kwa zamu ya Baba, halafu, yakiwa tayari yanang'aa, wakayasugua tena kwa zamu ya Alhaji. Wakalalamika kwamba huo ni ushamba. Baba alisema ndivyo inavyofanyika. Masufuria yakarudi ndani, makufuli mawili yakafungwa, kila mzee akatia ufunguo wake mfukoni.

Baada ya misiba kadhaa, nadhani hata wao waliacha kuuliza habari za utajiri. Jambo lingine lilikuwa limetokea. Watu ambao zamani waliwaita "wewe wa baiskeli" sasa waliwasalimia kwa majina ya nyumbani kwao. Bibi waliyemzikia mumewe hakupanda baiskeli ya mtu mwingine. Yule mrefu alianza kuamkiwa na watoto. Yule mama wa Dar aliendelea kuwaita frimasoni, lakini alipofiwa na mkwe wake, na masufuria yakamfikia uani kabla hajatuma mtu, alikula. Alisema kwanza sala fupi juu ya sahani, kwa tahadhari.

Nami niliruhusiwa kufika mpaka mlangoni, nikiwa na birika la chai. Ndipo nilipokuwa nimesimama Jumamosi ile ambayo naikumbuka kuliko zote.

Tulikuwa tumetoka kwenye msiba. Masufuria yalikuwa yamepangwa juani yakauke. Baba na Alhaji walikuwa wamekaa juu ya benchi, wanakunywa chai. Yule mrefu alikuwa akilifuta sufuria kubwa kwa kitambaa, amefurahi, anapiga mluzi.

"Wazee wangu," akasema, "nina ombi. Kesho mimi na wenzangu tuna ka-sherehe ketu kule Singe. Tumechanga, tumepata kitimoto safi, mzima. Naomba tuazime hili sufuria. Jumatatu asubuhi linarudi, limesuguliwa mara mbili kama mnavyotaka."

Baba alitazama chai yake. Alhaji hakumtazama kijana, alitazama sufuria. Miaka yote ile, jambo ambalo wazee wale walijitahidi lisitajwe kamwe lilikuwa limetajwa mchana kweupe na kijana mwenye kitambaa mkononi, bila ubaya wowote.

Alhaji akainuka taratibu, mkono kiunoni.

"Hilo limechoka, mwanangu," akasema kwa upole. "Kitako chake chembamba. Twende dukani."

Walikwenda, nami nikawafuata na birika, kwa sababu elimu haiondoi umbea. Dukani Alhaji alisimama juu ya kigoda, akashusha kutoka darini sufuria jipya, kubwa, ambalo bado lilikuwa na karatasi ya kiwandani.

"Chukua. Hili ni la kwako na wenzako, kabisa. Pikieni chochote mnachopenda, mfurahi. Ila likae kwako. Usilipeleke kule kwetu."

Kijana alilipokea kwa mikono miwili. Akalitazama. Akamtazama Alhaji, na kofia ya Alhaji, na nje, upande wa Bagara iliko nyumba ya makufuli mawili. Niliona jambo likimwingia, taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye shina la mgomba. Niliona pia midomo yake ikianza kulitamka. Kwa jinsi nilivyomjua, mtu asiyeficha kitu, nilijua angesema, "Kumbe ni kwa sababu ya nguruwe!"

Hakusema.

"Asante, mzee," akasema. "Kweli lile limechoka." Akaligeuza sufuria jipya kichwani kama kofia, akapanda baiskeli yake.

Alhaji alimtazama mpaka alipopotea. Alirudi Bagara akamkuta Baba palepale, ameshika kikombe kilichopoa.

"Padre," akamwambia, "yule ameshaapa."

Njiani kurudi Nakwa nilimwambia Baba kwamba nimeelewa. Akanisimulia, mara moja tu, na sikuwahi kumsikia akirudia.

Babu yangu alipofariki, Baba akiwa kijana, wafanyabiashara Waislamu wa mjini walikuja wote. Walikuwa wakinunua mahindi yake, walimpenda. Walichimba kaburi, walizika. Chakula kikaletwa, kimepikwa kwenye masufuria ya jirani, nyama imechinjwa na Mwislamu kama ilivyo desturi yetu ili kila mtu ale. Lakini masufuria ya jirani yalijulikana yanapika nini siku za sikukuu. Mmoja akasema ameshiba. Mwingine tumbo. Mwingine akasema amefunga, na haikuwa Ramadhani.

"Nilirudisha sahani jikoni zimejaa," Baba akasema. "Hakuna aliyenikosea. Na mimi sikumkosea mtu. Lakini walikuja kwa baba yangu wakaondoka na njaa."

Siku chache baadaye kijana mmoja wa dukani, ndiye huyu Alhaji, alikuja Nakwa na sufuria jipya limefungwa nyuma ya baiskeli. Alisema, hili ni la misiba, yenu na yetu. Hakusema zaidi, na Baba hakuuliza. Lilipopatikana la pili, na la tatu, wakajenga nyumba. Kufuli la kwanza lilikuwa la Baba. La pili, la Alhaji, alilitaka Baba mwenyewe.

"Kwa nini?" nikamuuliza. "Yeye alikuwa anakuamini."

"Ndiyo maana. Rafiki usimpe kazi ya kukuamini kila siku. Inachosha. Yakiwa mawili, hana haja ya kuwaza."

"Na kwa nini hamkusema tu? Mji wote unawaita wachawi!"

"Tukisema, lazima mtu mmoja aone haya. Ama yule aliyelikataa sufuria la jirani, ama jirani mwenyewe. Kuitwa frimasoni," akasema Baba, na hapo akacheka, "hakumwaibishi mtu. Kunatuongezea hata wanachama."

Siandiki haya kwa kuvunja siri. Nilimwomba Alhaji ruhusa, akaniambia siku hizi wajukuu wake na wa Baba wanataniana kwa hilohilo waziwazi shuleni, na hakuna anayeona haya. "Andika," akasema. "Safari hii anza na sehemu ya pili."

Aliniambia hivyo kwenye msiba wa Baba. Siku yake ilifika baada ya miaka mingi, mgongo wake ukiwa ulishakataa zamani. Yule mrefu, ambaye sasa ana kitambi na watoto na pikipiki mbili, ndiye aliyekuwa na ufunguo wa Baba. Alikuja na mtoto wa Alhaji, wakafungua pamoja. Uani kwetu Nakwa palijaa watu wa misa na watu wa msikiti, na wali ulikuwa umeungua kidogo chini, kama Baba alivyoupenda.

Niliwapitia wageni na jagi la maji ya kunawa. Mwanamke mmoja mgeni wa mji, mke wa mtumishi nadhani, alimvuta yule mrefu pindo la aproni.

"Kaka, samahani. Ni kweli ninyi ndio wale frimasoni?"

"Ndio sisi, mama," akajibu. "Nikuongezee nyama?"

Kando yake, juu ya benchi, Alhaji alikuwa na sahani magotini. Hakuwa na meno mengi, kwa hiyo alikula polepole. Nilisimama na jagi langu mpaka alipomaliza yote, akaifuta sahani kwa kidole, akaniita nimnawishe.